Mwacheni Mtoto Amalize Kidato cha Nne

Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, katikati ya picha za ndama na dua za asubuhi, ilitua harambee. Mpwa wangu mmoja, kijana wa kidato cha tatu, "ameamua kujitosa kwenye riadha kikamilifu", hivyo tunaombwa tuchangie viatu, godoro na kodi ya chumba karibu na kambi fulani huko Iten, mji wa milimani magharibi mwa Kenya. Yaani ameacha shule. Watu wakajibu kwa vijikatuni vya misuli na moto. Shangazi akamalizia: "Iten ndiko mabingwa hutoka. Mungu ambariki."

Niliandika jibu refu, nikalifuta. Hubishani na shangazi mbele ya ukoo mzima, hasa shangazi aliyekulipia karo. Basi nimewaletea nyinyi hasira zangu.

Shangazi hajakosea kuhusu Iten. Mabingwa hutoka huko kweli, na lile lango la barabarani lililoandikwa "Home of Champions" halidanganyi. Wageni hushuka kwenye magari, wakapiga picha chini yake, wakavuta pumzi kwa shida kwa sababu mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha wakarudi makwao kuandika kuhusu "siri". Siri ni hewa nyepesi. Siri ni ugali. Siri ni mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Siri ni kwamba eti watoto wote wa Kikalenjin hukimbia kilomita kumi kwenda shule kila asubuhi. (Mimi nilikaa umbali wa kutupa jiwe kutoka shuleni kwetu na nilichelewa kila Jumatatu.) Katika siri zote hizo, ni nadra kumsikia mtu akitaja kitu kilicho wazi kuliko vyote, chenye ua, kengele na daftari la mahudhurio: shule ya sekondari ya umma ya wavulana.

Shule yenyewe, St. Patrick's ya Iten, ilianzishwa mwaka wa 1961, miaka miwili kabla ya Uhuru, chini ya Kanisa Katoliki. Vijana wa Bonde la Kerio na nyanda za juu walikuja pale kutafuta kile ambacho kila kijana wa wakati ule alikitafuta: cheti cha kumpeleka kazini au chuoni. Kukimbia kulikuwa shughuli ya jioni. Saa ya michezo ikifika unavua shati la shule, unakimbia, unaoga maji baridi, unaenda prepu, masomo ya usiku. Ukifeli hesabu hakuna anayekuuliza ulimaliza wa ngapi uwanjani.

Sasa mtazameni Mike Boit. Huyu alipita St. Patrick's, akachukua shaba ya mita 800 kule Munich mwaka wa 1972. Mwaka wa 1976, akiwa mkali kwelikweli na dunia nzima ikisubiri kumwona akipambana na Alberto Juantorena wa Cuba, Afrika ikasusia Michezo ya Montreal kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Kenya ikabaki nyumbani. Miaka minne baadaye ikasusia Moscow pia. Fikirieni hayo: mwili wako uko tayari, miaka yako bora ndiyo hiyo, na uamuzi unafanyiwa ofisini na watu wasiomiliki hata raba. Mwanariadha asiye na kitu kingine angefanya nini? Boit alikuwa na kitu kingine. Alisoma Marekani mpaka akapata shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Siasa ilimnyang'anya Olimpiki mbili. Elimu yake haikuguswa.

Mwaka huohuo wa 1976, Bradha Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki, alifika Iten kutoka Ireland kufundisha jiografia. Riadha hakuijua. Aliyekuwa akiwanoa vijana wakati huo ni mwalimu Mwingereza, Pete Foster, ndugu yake Brendan Foster, yule aliyechukua shaba ya mita 10,000 kule Montreal ambako wetu hawakwenda. Foster alipoondoka, mwalimu wa jiografia akarithi filimbi. Hakuwa na diploma ya ukocha wala mashine za kupimia mapafu. Alikuwa na macho, subira, na ratiba ya shule. Aliwatazama vijana wakikimbia, akajifunza kwao, akawafundisha kulegeza mabega na kutulia. Nusu karne sasa, bado yuko Iten.

Hapo ndipo watu hupotoka. Wanasikia habari za Colm wanadhani ni habari za mzungu mwenye uchawi. Mimi nasikia habari za mwalimu. Mwalimu anamwona mtoto darasani asubuhi na uwanjani jioni. Anajua nani hakula, nani amefukuzwa karo, nani babake amefariki, nani ana kipaji lakini goti linamsumbua na anaficha. Mwalimu hana haraka, kwa sababu kijana yuko naye miaka minne na mshahara wake hautegemei mbio za Jumapili ijayo. Kocha wa kambi anayelipwa kwa asilimia ya zawadi anaona nini? Anaona miguu. Mguu ukiumia, analeta kijana mwingine; milima hii haijaisha vijana.

Na matunda ya mpango ule wa polepole yako kwenye rekodi. Ibrahim Hussein alitoka St. Patrick's, akaenda Chuo Kikuu cha New Mexico, na mwaka wa 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York. Mwaka uliofuata akashinda Boston kwa sekunde moja tu mbele ya Juma Ikangaa wa Tanzania. Ndugu zetu Watanzania, najua bado inauma. Akarudi akaishinda Boston mwaka wa 1991 na 1992. Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka wa 1988 akiwa na miaka 21, na wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo huko Maryland. Mwanafunzi! Matthew Birir akachukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka wa 1992. Wilson Kipketer alikwenda Denmark kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, akiwa na nia ya kusomea uhandisi wa elektroniki. Akaishia kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo na kuishusha rekodi hadi 1:41.11 mwaka wa 1997. Tulimpoteza kwa Wadenmaki, sawa, lakini hata kule aliingia na barua ya masomo mkononi.

Kila bingwa ana mti wake pale shuleni, umepandwa na kuwekewa jina. Wengi wa wale waliopandiwa miti waliwahi kuadhibiwa kwa kuchelewa gwaride la asubuhi, naweza kuapa.

Kabla hamjanijaza jumbe: ndiyo, najua David Rudisha hakuwa mwanafunzi wa St. Patrick's. Alisoma Kimuron, palepale Iten, akawa anafundishwa na Colm. Haivunji hoja yangu hata kidogo, inaikaza. Kijana kutoka Kilgoris, mtoto wa Daniel Rudisha aliyepata fedha ya kupokezana vijiti Mexico mwaka wa 1968, familia inayoijua riadha ndani nje, na bado alipoletwa Iten aliingizwa darasani kwanza. Ile rekodi ya dunia ya mita 800, 1:40.91 ya London mwaka wa 2012, aliyoongoza tangu mlio wa bastola bila mtu wa kumvutia kasi, ilikimbiwa na kijana aliyelelewa ndani ya ratiba ya shule.

Kilichoharibika ni nini? Colm mwenyewe ndiye aliyeanzisha kambi za vijana za likizo mwishoni mwa miaka ya 80. Likizo! Aprili, Agosti, Desemba. Shule ikifunguliwa mtoto anarudi darasani. Wazo likaigwa na kila mwenye nyumba ya vyumba sita na simu yenye namba ya wakala wa Ulaya, isipokuwa kipande kimoja kikaachwa njiani: kurudi darasani. Sasa tuna kambi zinazofunguliwa Januari na kufungwa Desemba, zenye watoto wa miaka kumi na sita wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, wanakimbia, wanalala, wanakimbia tena, wanaangalia simu, wanalala. Hakuna kitabu. Hakuna mtu mzima anayewauliza chochote ila muda wao wa kilomita kumi.

Na wangapi watafika? Hesabu ni ya darasa la nne. Simameni barabarani Iten asubuhi yoyote mtazame makundi yanavyopita, vijana kwa mamia, kila mmoja ana kasi ambayo katika nchi nyingine ingempa jezi ya taifa. Hapa haimpi hata nafasi ya mstari wa mbele katika mbio za kaunti. Waliobaki huenda wapi? Wako. Wanaendesha bodaboda, wanachuna majani chai, wengine ni walevi wa kusikitisha wakiwa na miaka ishirini na tano. Wengine husikiliza yule rafiki mwenye sindano. Orodha ya Wakenya waliofungiwa kwa dawa za kusisimua misuli imekuwa ndefu mpaka inatia aibu kuisoma.

Wasichana wana mzigo wao tena. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, wiki chache tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake pekee. Wenzake waliunda Tirop's Angels na wakaanza kusema hadharani kile ambacho kila mtu mjini alikijua: wanaume wanaojiita makocha, mameneja na wachumba, wanaoishi kwa miguu ya msichana na kushika namba zake za siri za benki. Msichana aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na tano hawezi kusoma mkataba aliowekewa mbele. Sina mzaha wowote kuhusu hili. Kila mzazi anayemtoa binti shuleni ampeleke kambini ajue anamkabidhi nani.

Haya, nikubali machache, shingo upande. Njaa ni njaa. Mshindi mmoja hujengea mama nyumba, akasomesha ndugu wanane, akanunua trekta. Hakuna stashahada inayofanya hivyo haraka. Nakubali pia kwamba shule zenyewe zimewafukuza watoto hawa. Nendeni sekondari yoyote saa kumi jioni muone kama mpira unadunda. Saa ya michezo imemezwa na masomo ya ziada, kwa sababu mwalimu mkuu atapimwa kwa alama ya wastani ya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na si kwa kijana anayekata kona vizuri. Shule iliyozaa Hussein na Rono ilikuwa na uvumilivu wa kumwachia mtoto saa mbili za jioni.

Na serikali? Uwanja wa Kamariny, karibu na Iten, ulivunjwa kwa ahadi ya ukarabati, ukakaa magofu miaka na mikaka huku mabingwa wa dunia wakifanyia mazoezi kwenye vumbi. Tuendelee.

Sasa mtaala mpya umekuja na mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu. Wazo zuri. Naogopa tu jinsi tutakavyolitekeleza: shule zenye majina makubwa zitakimbilia sayansi, na michezo itabaki kuwa jalala la watoto tuliowakatia tamaa. Ikiwa wizara ina nia, ianzie Iten. Iketi na walimu wa St. Patrick's, Kimuron na Sing'ore Girls, iwaulize ratiba ya wiki ilikuwaje, mtoto alilala saa ngapi, nani alisimamia prepu kwa waliotoka mbioni. Maarifa hayo yako kwa watu walio hai, na baadhi yao wamezeeka.

Shirikisho la riadha nalo linaweza kufanya jambo moja bila kusubiri bajeti. Wakala yeyote anayetaka kusaini mwanariadha aliye chini ya miaka kumi na nane alete kwanza barua ya mwalimu mkuu inayoonyesha mtoto yuko darasani, na stakabadhi ya karo aliyoilipa wakala mwenyewe. Anayepinga ametuambia alichofuata.

Najua jina nitakalotupiwa: Eliud Kipchoge, yule bingwa wa marathoni. "Kipchoge alisoma wapi?" Alisoma Kaptel, Nandi, akamaliza sekondari mwaka wa 1999, ndipo baadaye akaenda Paris mwaka wa 2003 kuwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5000. Faith Kipyegon? Winners Girls, Keringet. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana akiwa bado mtoto wa shule. Leteni jina lingine.