Nishati ndani ya mwani: ni kupokezana au ni wimbi?

Ukichukua mwani mwekundu mbichi, wa aina inayolimwa kwenye kamba huko Mlingotini, Bagamoyo, ukautwanga kwenye kinu na kuuloweka katika maji baridi yasiyo na chumvi, maji hayo hugeuka rangi ya waridi. Ukiyachuja, ukayatia katika bilauri na kuyaweka juani, kisha ukayatazama kwa ubavuni, utaona yanatoa mng'ao wa rangi ya machungwa ambao mwani mzima hauuonyeshi. Kilichoingia majini ni fikoeritrini, protini yenye rangi inayonasa mwanga wa kijani. Ndani ya mwani, nishati iliyonaswa huchukuliwa na jirani kabla haijapata nafasi ya kutoka. Katika bilauri jirani yuko mbali, nayo hutoka ikiwa mwanga.

Jirani huyo ni fikosianini, kisha alofikosianini, nazo pia ni protini zenye rangi, na mwisho klorofili. Fikoeritrini hunasa vizuri mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 565 hivi, fikosianini 620, alofikosianini 650, na klorofili inayopokea mwishoni karibu 680. Kwa kuwa nishati hupungua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, safari yote ni ya kuteremka, na kila hatua hupoteza joto kidogo ambalo huizuia nishati isirudi ilikotoka. Zaidi ya asilimia 90 hufika. (Takwimu hii ni ya safari hiyo tu, wanaoitumia kudai kwamba mmea hautupi chochote cha jua wanajidanganya, kwani nishati ya jua inayoishia katika mazao ya shambani haizidi asilimia chache.)

Ubishi uko katika namna ya kuvuka. Maelezo ya zamani, ya Mjerumani Theodor Förster katika miaka ya 1940, ni kwamba molekyuli ya kwanza haitoi mwanga ukadakwa na ya pili, bali huathiriana kama nyuzi mbili za udi zilizolinganishwa sauti: ukipiga mmoja, wa pili hutetema bila kuguswa. Athari hiyo hufifia haraka mno, kiasi kwamba umbali ukiongezeka maradufu, kasi ya kupokezana hupungua mara 64. Kwa maelezo haya nishati hukaa kwenye molekyuli moja, kisha hurukia nyingine, bila kumbukumbu ya ilikopita.

Mwaka 2007 kundi la Graham Fleming huko Berkeley, Marekani, lilileta fikra tofauti. Kwa mapigo mafupi ya leza, walipima protini ya bakteria wa kijani iliyopozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, wakaona ishara zikipanda na kushuka kwa zaidi ya femtosekunde 600, ambapo sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni. Walizifasiri kuwa nishati husambaa kama wimbi juu ya molekyuli kadhaa na kuzipima njia zote kwa pamoja. Mwaka 2010 watafiti wa Toronto, Kanada, waliona ishara za namna hiyo, safari hii katika joto la kawaida, kwenye protini za mwani wa chembe moja zilizo za ukoo mmoja na fikoeritrini ya Mlingotini.

Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Bakteria wa zambarau wana duara la molekyuli 18 za bakterioklorofili, yaani klorofili ya bakteria, zilizobanana ubavu kwa ubavu, na humo kusema nishati imekaa juu ya molekyuli moja ni kosa: imetandaa juu ya kadhaa. Hapo wanaotetea wimbi wana haki, nami sioni sababu ya kuwanyima.

Walipoteleza ni kwenye muda. Mwaka 2017 watafiti wa Hamburg, Dwayne Miller akiwa miongoni mwao, waliipima tena protini ileile ya bakteria wa kijani, sasa katika joto la kawaida, wakakuta hali ya wimbi la elektroni inavurugika ndani ya femtosekunde 60, mapema mno kuiongoza nishati hadi mwisho wa safari. Ishara zilizodumu zilitokana zaidi na mitetemo ya molekyuli zenyewe. Lipo jingine ambalo kwangu lina uzito zaidi: leza huziamsha molekyuli zote kwa pigo moja, kama mpiga ngoma anavyowaanzisha wachezaji, ilhali fotoni za jua, yaani chembe za mwanga, hufika ovyo, kila moja kwa wakati wake. Kinachoonekana maabara kinaweza kuwa cha kweli na bado mwani usikihitaji. Hata hivyo mitetemo hiyo si ya kudharauliwa, maana inapolingana na pengo la nishati kati ya molekyuli mbili husaidia kuivusha.

Kwa anayebuni vifaa vya kunasa mwanga, basi, kukimbilia kurefusha maisha ya wimbi ni kuanzia pasipofaa. Aanze na ngazi ya kuteremka, umbali, na mwelekeo, kwa kuwa molekyuli mbili zilizokaa msalaba huweza kushindwa kupokezana hata zikiwa karibu. Na ukaribu nao una mpaka: klorofili ikirundikana bila protini ya kuitenganisha, nishati hupotea ikiwa joto. Mwani huulipia utengano huo kwa nitrojeni, ambayo hutumika kwa wingi kujenga protini hizo za rangi; nitrojeni inapoadimika majini, huzivunja ili kujilisha, na mkulima huona kamba zake zikipauka.