Kima Kazoea, Paa Nunga Je?

Sikukuu ya pili niliwapeleka wapwa zangu msitu wa Jozani, Unguja. Hatujafika mbali, kundi la mbele yetu lishafungulia spika, muziki unavuma chini ya mitondoo. Kijana mmoja kamnyooshea kima punju ndizi apate picha. Mtembeza wageni akamwambia, "Kaka, rudi nyuma, mita tatu." Jibu: "Mbona hawa wamezoea!"

Kazoea yeye, tumbo lake halijazoea. Kima punju ni mla majani, tunda bivu humvuruga. Na mafua yetu humwambukiza. Haya tumeshayasema mpaka koo zimekauka.

Mimi namsemea yule msiyemwona, paa nunga. Mwekundu, ana mkanda mweupe mapajani na madoa meupe miguuni, na hutembea mchana. Huyu hapandi mti. Huokota maua, majani na matunda yanayodondoka, mara nyingi chini ya miti waliko kima. Sasa pigeni hesabu: chakula kipo chini ya kima, na chini ya kima tupo sisi na spika. Akitusikia anakurupuka, anarudi vichakani kwenye mawe na njaa yake. Kesho hivyo hivyo, na msimu wa wageni hivyo hivyo kila siku. Lakini kwa kuwa hakulia wala hakuonekana kwenye picha, basi hakuna aliyemdhuru, hongereni!

Babu yangu alikuwa mwindaji, mbwa na nyavu, na sijivunii hilo. Alikuwa akifika ukingoni mwa msitu anavua makubadhi, anayaacha chini ya mti, anaingia pekupeku, kwa sababu paa husikia kijiti kikivunjika. Yule aliyetaka kumla alimheshimu masikio. Sisi tunaodai kumpenda tunamwendea na ngoma.

Haya, kiingilio kinasaidia, vijiji vya jirani hupata fungu lao, na bila wageni huenda pale pangekuwa tanuri za mkaa. Nakubali, shingo upande. Ila hifadhi ya taifa tangu 2004, na bado tunaiingia kama bustani ya Forodhani mjini usiku wa Idi?

Wakati wa kurudi, mtembeza wageni alitusimamisha akatuonesha vinyesi vidogo vyeusi, bado vinang'aa. "Kapita sasa hivi," akasema. Mpwa wangu mdogo akachuchumaa, akaninong'oneza, "Mjomba, yuko wapi?"

Nyuma yetu spika ikabadilisha wimbo.