Boksi la nafaka au sufuria ya uji: asubuhi ya mgonjwa wa kisukari huku Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa Juni dada yangu alipanda kutoka Dar na maboksi matatu ya nafaka za asubuhi. Nyumbani kwetu ni Kihesa, Iringa, na Juni ya huku mnaijua: saa kumi na mbili asubuhi mvuke unatoka mdomoni, na kila mtu anatafuta kitu cha moto cha kushikilia kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameambiwa ana kisukari cha aina ya pili miezi michache nyuma, na maelekezo aliyotoka nayo kliniki yalikuwa mafupi mno: "Mama, punguza wanga." Hakuambiwa aupunguze kwenye nini, kwa kiasi gani, wala nini kiingie mahali pake. Dada akalijaza pengo hilo kwa mapenzi yake: boksi la konfleksi, boksi la oti, na la tatu, dogo kuliko yote na ghali kuliko trei nzima ya mayai, lililoandikwa kwamba lina wanga kidogo.

"Na uji wangu, mwanangu?" mama akauliza.

"Uji ndio wanga wenyewe, mama."

Mabishano ya asubuhi ile yameendelea kwa simu hadi leo, na nimeyasikia pia kwa jirani, kanisani na kwenye basi la Mbeya, kwa sababu karibu kila ukoo sasa una mtu anayejichoma kidole asubuhi kupima sukari. Upande mmoja unasema nafaka ya pakiti imepimwa na inaeleweka, uji wa kienyeji ni wa kubahatisha. Upande wa pili unasema maboksi ni chakula cha kiwandani kilichojaa sukari, na ulezi wa babu zetu haujawahi kumuumiza mtu. Nimekaa na pande zote mbili, nimepima, na naona kila upande umeshika nusu ya ukweli.

"Wanga kidogo" yenyewe haina mpaka mmoja. Wengi huuita hivyo mlo usiozidi gramu 130 za wanga kwa siku. Wanaofuata keto, mlo wa wanga mchache mno na mafuta mengi, hushuka hadi kati ya gramu 20 na 50. Wazo si la jana. Kabla insulini haijapatikana Toronto mwaka 1921, kumnyima mgonjwa wanga ndiyo ilikuwa karibu tiba pekee iliyokuwepo. Na mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilitoa ripoti ya lishe iliyosema kwamba, kwa mwenye kisukari, kupunguza jumla ya wanga ndiyo njia yenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu. Ripoti hiyohiyo ikaongeza kwamba hakuna kiwango kimoja cha wanga kinachomfaa kila mgonjwa. Kwa hiyo dada hakubeba uzushi. Tatizo lilikuwa ndani ya maboksi.

Tuanze na konfleksi, kwa sababu ndiyo watu wengi huiona kuwa chakula chepesi cha mgonjwa. Nyepesi ni kweli. Ilizaliwa miaka ya 1890 kule Battle Creek, Michigan, kwenye kituo cha tiba alichokiongoza daktari John Harvey Kellogg, kama chakula laini kisicho na nyama. Haikutengenezwa kwa ajili ya kushusha sukari ya mtu. Katika gramu 100 za konfleksi, takriban 84 ni wanga, na nyuzinyuzi ni chache sana. Boksi linakutuliza kwa kuandika kwamba mlo mmoja ni gramu 30. Nilizipima gramu 30 kwenye mizani yetu ndogo ya jikoni, nikazimimina kwenye bakuli ambalo mama hunywea uji: zilifunika maua ya chini tu, ukingo wa bakuli ukabaki mtupu. Nikamwambia dada amimine kama anavyokula kwake. Mizani ikasoma 72. Hapo tayari ni gramu 60 za wanga. Maziwa robo lita yanaongeza 12, vijiko viwili vya sukari nane hadi kumi. Tumefika 80 kabla mtu hajagusa kipande cha mkate.

Mama alifurahi kidogo, naikumbuka sura yake, lakini zamu yake ilifuata. Uji wake wa ulezi, bakuli la nusu lita, ulitumia gramu 55 za unga. Ulezi una takriban gramu 72 za wanga katika kila 100, kwa hiyo bakuli lilibeba kama 40. Juu yake vijiko vinne vya sukari, gramu 16 au zaidi, halafu chapati pembeni. Huo nao si mlo wa wanga kidogo kwa hesabu yoyote.

Hapa nataka nikae kidogo, maana imani juu ya ulezi huku kwetu ni kubwa na inawagharimu watu. Ulezi ni nafaka nzuri. Kalsiamu yake, miligramu kama 340 kwa gramu 100, inazipita nafaka nyingine kwa mbali, na nyuzinyuzi zake ni nyingi kuliko za sembe. Lakini kuwa na faida si sawa na kukosa wanga. Tena tunausaga laini kama vumbi, tunauchemsha hadi ulainike kabisa, halafu tunaunywa bila hata kutafuna. Wanga ulioandaliwa hivyo unaingia kwenye damu haraka. Togwa inaonyesha jambo hili kwa ulimi. Yeyote aliyemwona bibi akitengeneza togwa anajua kwamba uji ulikuwa hauna utamu, ukatiwa kimea cha ulezi, ukaachwa, na baadaye ukawa mtamu bila kuongezwa kijiko cha sukari. Utamu ule ni wanga uliovunjwa na kimea ukawa sukari. Tumbo nalo hufanya kazi hiyohiyo, na kwa uji laini halina haja ya kuhangaika.

Sasa nirudi kwenye maboksi na niyatetee panapostahili. Oti ya kawaida, ile ya vipande vilivyobapwa, ni wanga kwa karibu theluthi mbili ya uzito wake, lakini ina gramu kama 10 za nyuzinyuzi na 13 za protini katika kila 100. Sehemu ya nyuzinyuzi hizo, iitwayo beta-glukani, huvutika kama utelezi wa bamia na kuchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kwenye kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari, ambapo glukosi ni 100, oti hii hukaa karibu na 55, konfleksi karibu na 80. Lakini oti ya papo hapo, iliyokatwa vidogo ili iive kwa maji ya moto tu, inapanda hadi karibu na konfleksi. Rafu ni moja, jina ni moja, matokeo tofauti. Anayenunua oti kwa ajili ya mgonjwa achague ile inayohitaji kukaa jikoni.

Na boksi la tatu? Ndani yake mlikuwa na protini ya soya, lozi, mbegu za maboga, nyuzinyuzi za mzizi wa chikori, na utamu wa stevia na erithritoli, vitu vitamu vinavyotumika badala ya sukari. Kwa hesabu ya wanga lilikuwa kweli dogo. Mtu anayetoka alfajiri kuwahi kazini, asiye na muda wa kukaanga yai, boksi kama hilo linaweza kumsaidia. Ila linajaza gesi tumboni kwa wengi, kwa sababu nyuzinyuzi za chikori huchachuka kwenye utumbo. Na bei yake haiwezi kubebwa na mama mjane kila wiki. Hoja ya bei naipa uzito mkubwa kuliko wanavyoipa wauzaji wa lishe mitandaoni, maana mlo wa kisukari ni wa miaka yote iliyobaki.

Kuna jambo moja kuhusu maandishi ya boksi ambalo kila msomaji wa keto anapaswa kulijua. Watu wamefundishwa kutoa nyuzinyuzi kwenye wanga ili wapate "wanga halisi". Boksi la Marekani huandika wanga wote, na nyuzinyuzi zimo ndani yake. Hapo kutoa kuna maana. Boksi la Uingereza au la Umoja wa Ulaya huandika wanga unaosagika peke yake, na nyuzinyuzi hukaa mstari wa pembeni, zilishatolewa. Weetabix ya Uingereza, nafaka ya ngano ya pakiti, kwa mfano, inaonyesha gramu 69 za wanga na 10 za nyuzinyuzi katika kila 100. Ukitoa ukapata 59, umejidanganya kwa gramu kumi katika kila mia. Kwenye maduka yetu ya Mbeya na Iringa maboksi ya nchi mbalimbali yanakaa bega kwa bega, kwa hiyo hesabu ya video moja haiwezi kufaa yote. Mimi nafanya hivi: najumlisha wanga, protini, mafuta na nyuzinyuzi za gramu 100. Jumla ikivuka 100, najua nyuzinyuzi zimo ndani ya wanga, natoa. Isipovuka, sitoi kitu. Heri nihesabu zaidi kuliko pungufu. Halafu nasoma viungo, ambavyo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Sukari, asali, sharubati ya glukosi au maltodekstrini ikikaa kati ya vitatu vya mwanzo, narudisha boksi, hata kama mbele wameandika "nafaka nzima".

Nikishayaweka yote hayo mezani, naona swali la "nafaka ipi ina wanga kidogo" linatufunga bure. Nafaka ni wanga. Ndiyo kazi yake shambani na ndiyo kazi yake tumboni. Asubuhi yenye wanga kidogo inajengwa kwa vitu vingine, na mikoa hii imejaaliwa navyo. Rungwe na Njombe zinapakia parachichi kwenda nje ya nchi: gramu 100 za parachichi zina wanga kama 8 na nusu, na karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Mayai mawili hayafikishi hata gramu mbili za wanga. Kiganja cha karanga kina gramu tano hivi. Maharage ya Mbeya si ya keto, nusu kikombe kina kama gramu 20, lakini yanasagwa taratibu sana, na tangu miaka ya 1980 watafiti wameona kwamba jamii ya kunde ikiliwa asubuhi hupunguza hata mpando wa sukari baada ya chakula cha mchana. Chapati maharage ya mgahawani ina dawa na ugonjwa kwenye sahani moja. Mgonjwa aongeze maharage, chapati aikate nusu au aiache.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito na sitaki upite hivihivi. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, asipunguze wanga ghafla kwa ushauri wa ndugu au wa makala kama hii. Dawa hizo hushusha sukari umekula au hujala, na sukari ikishuka mno mtu anaweza kuanguka akiwa peke yake shambani. Kwanza daktari aangalie dozi. Mwenye figo mbovu naye aulize kabla ya kuongeza mayai na soya.

Na watoto waachwe nje ya habari hii kabisa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe asilimia 50.4, wakati wastani wa taifa ni 30. Ni mikoa inayolisha nchi. Mtoto wa hapa anahitaji uji, wenye karanga, maziwa na yai ndani yake, na anauhitaji zaidi ya mara moja kwa siku. Nimeona nyumba ambayo baba kaugua kisukari, na uji wa watoto ukafutwa pamoja na wa kwake ili wote wale kiafya. Hiyo inaniuma kila nikiikumbuka. Vilevile mtu anayeshinda amepinda mgongo kwenye shamba la viazi Uporoto anachoma wanga wake kabla ya saa nne, na hana sababu ya kuuogopa.

Kwa mama tulikubaliana hivi, baada ya daktari kuangalia vidonge vyake. Uji haukufutwa. Umetoka kwenye bakuli la nusu lita ukaingia kwenye kikombe cha robo lita, hauna sukari, una kijiko cha karanga zilizosagwa, na pembeni mayai mawili na nusu ya parachichi. Siku ya bakuli la zamani na chapati, kipimo cha sukari baada ya saa mbili kilisoma milimoli 14.2 kwa lita. Siku ya kikombe na mayai, 8.9. Siku ya gramu 40 za oti na mayai, 8.4. Dada anasema tofauti hiyo ya mwisho inatosha kuachana na uji. Mama anasema kwa nusu hiyo hawezi kuacha kikombe kinachompasha mikono, na mimi niko upande wake, kwa sababu mlo anaoupenda ndio atakaoufuata mwaka kesho.

Boksi la tatu hatukulitupa. Mama alinyunyizia kijiko kimoja kimoja kwenye mtindi hadi likaisha mwezi wa Agosti, na hakuomba jingine. Oti ameiweka kwa Jumapili, anapowahi misa ya kwanza.