Biashara ya Usiku ya Mama

Mama yangu aliomba uraia wa Marekani akiwa na miaka 63, na kila mtu hapa Minneapolis alimwambia asubiri. Sheria yao ina huruma na wazee: ukifika 65 na umetimiza miaka 20 na grini kadi yako, unasoma maswali 20 tu badala ya 100 ya wakati ule. "Hiyo miaka miwili nani kanipa hati kwamba nitaifikia?" akasema. Akalipa dola zake 725, akaanza kukariri yote mia.

Afueni moja alikuwa nayo. Aliingia nchini 1998 kwa ile bahati nasibu ya viza, na aliyefikisha miaka 50 akakaa 20 na grini kadi husamehewa Kiingereza. Anajibu kwa lugha yake, mkalimani anafikisha. Basi chapati zikawa zinasukumwa huku simu ikiuliza habari za Lincoln. Ukiomba chai, unaulizwa kwanza majaji wa Mahakama ya Juu ni wangapi. Tisa. Haya, kunywa.

Kusema kweli hakuonewa. Binamu yangu aliye Ujerumani alipewa maswali 310 ya kusoma, apangiwe 33 na apate angalau 17. Mojawapo: umenunua televisheni, umeifikisha nyumbani haiwaki, utafanyaje? Kwetu unaipiga kofi ubavuni. Kwao jibu sahihi ni kuirudisha dukani ukalalamike. Uingereza nako unakaa mbele ya kompyuta, maswali 24 kwa dakika 45, wala hakuna wa kumwonyesha tabasamu lako. Wamarekani walikuwa wakiuliza kwa mdomo, ana kwa ana, maswali yasiyozidi kumi. Ukipata sita umepita. (Siku hizi wameongeza, wanauliza hadi 20 na unatakiwa 12. Mama akisikia hivyo hucheka kwa dharau.)

Siku ya mahojiano, Januari 2019, mkalimani tuliyekubaliana naye alipiga simu: gari lake limezikwa na theluji. Mimi nilikuwa dereva tu siku hiyo, nimekuja na gazeti langu. Afisa akanitazama, akakagua kitambulisho, akasema kwa hiari yake atanikubali. Nikainua mkono nikaapa kutafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Mtihani wenyewe mama aliufagia. Nyota za bendera, rais wa kwanza, yote alijibu kabla sijamaliza kutafsiri. Kwenye la sita akaambiwa ataje mmojawapo wa mito miwili mirefu kabisa ya nchi hii.

"Mississippi," akasema. "Lakini mwambie mimi niliuvuka kwa miguu kule unakoanzia, Ziwa Itasca, nikikanyaga mawe, na buibui langu halikulowa. Mto gani huo? Aje aone Tana pale Garsen, mamba wamejilaza ukingoni utadhani wamelipa kodi."

Nikatafsiri yote, na mamba wake. Afisa akacheka, akaweka kalamu chini: sita kwa sita, yatosha.

"Mbona ameacha?" mama akauliza. "Yamebaki tisini na manne."

Hapo ndipo ilipofunguliwa N-400, ile fomu ya kuomba uraia, kupitia upya majibu aliyojaza. Ndani yake mna maswali ya "je, umewahi" yasiyojali unamuuliza nani. Umewahi kuwa mlevi wa kupindukia? "Audhubillahi," nikatafsiri kuwa hapana. Kisha afisa, bila hata kuinua macho, akauliza kama mama amewahi kujiuza mwili, au kumwingiza mtu mwingine katika kazi hiyo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Sijawahi kutamka neno "mimba" mbele ya mama yangu. Dada zangu wote walikuwa "hawajisikii vizuri" mpaka mtoto akalia. Nikaikazia macho bendera iliyokuwa pembeni, nikasema, "Mama, anauliza kama umewahi kufanya ile... biashara ya usiku. Au kumwingiza mwenzako."

Uso wa mama ukachanua. Akaniruka, akamjibu afisa mwenyewe kwa Kiingereza ambacho sikujua anacho: "Yesi! Mombasa! Biznesi, naiti, yesi, yesi!"

Kalamu ya afisa ikasimama.

"Mwambie," akanigeukia, "nilianza baba yenu alipoachishwa kazi bandarini. Pale Kibokoni, kila siku baada ya Isha mpaka saa sita za usiku. Watu wakipanga foleni! Mpaka mabaharia wakija. Na Bi Jirani nilimwingiza mimi, nikamgawia wateja wangu. Nyinyi nyote mmesomeshwa na biashara hiyo."

"Anasema nini?" afisa akauliza.

"Viazi karai," nikasema. "Na mishkaki."

"Maneno yote hayo ni viazi?"

Nikamweleza. Akanikumbusha kiapo changu, kwa upole, akaniomba nimuulize mama tena, safari hii kama lilivyoandikwa. Ikabidi nilitamke. Neno lenyewe sitaliandika hapa, mama siku hizi yuko Facebook.

Kimya. Kisha mkono wake ukashuka polepole chini ya kiti, na nikajua unatafuta nini. Kilichoniokoa ni theluji: badala ya kandambili mama alikuwa amevaa buti la kamba mpaka karibu na goti, na kulifungua ni kazi ya robo saa.

"Mwambie hapana," akasema. "Nyumbani tutazungumza."

Yaliyofuata tuliyapita mbio. Amewahi kuolewa na zaidi ya mume mmoja kwa wakati mmoja? Huyo mmoja alimtosha. Kamari? Hapana. Kila jibu alilitoa akinitazama mimi, si afisa, na hakupepesa.

Tukafika karibu na mwisho, penye maswali ya kiapo. Afisa akauliza kama, sheria ikimtaka, mama yuko tayari kushika silaha kwa ajili ya Marekani.

"Mwambie niko tayari," mama akasema, macho yangali kwangu. "Akiwa nayo hapo, anipe sasa hivi."

Nikatafsiri neno kwa neno.