Mafundo Mawili

Kwanza kabisa: hakuna mtoto aliyelazwa. Hakuna aliyetundikiwa dripu. Polisi hawakuja. Aliyekuja ni mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni, na tumeshamalizana.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mmeshausikia ule ujumbe wa sauti wa dakika 4. Ulitoka kwenye kundi la kikoba, ukahamia la kwaya, ukaingia la wazazi, na jana usiku dada yangu aliyeko Singida kanipigia kuuliza kama ni kweli nawauzia watoto wa watu maji ya kuoshea vyombo. Aliyeurekodi ni rafiki yangu. Saluni yake inatazamana na geti langu, kwa hiyo urafiki unaendelea, hakuna namna. Lakini yeye aliona kuanzia katikati, na kicheko kilimzuia kusikia mwisho. Sasa nisikilizeni mwenye mali.

Yote yalianzia kwenye presha ya mume wangu. Daktari alimwambia apunguze chumvi, tukarudi nyumbani, nikafungua kabati, nikakuta vile vidonge vya mchuzi ninavyotia kwenye kila kitu: maharage, wali, mchicha, hata mlenda nimewahi kuutia, Wagogo mnisamehe. Nikageuza karatasi yake kusoma. Kiungo cha kwanza kilichoandikwa: chumvi. Nikavitupa vyote kwa hasira, kisha nikapika maharage ya bila kidonge. Mume wangu akala kimya kama yuko kwenye usaili.

Ndipo nikakutana na habari ya supu ya mboga ya akiba. Hutupi ncha za karoti, hutupi maganda ya vitunguu, hutupi vishina vya giligilani. Unakusanya kwenye friza mpaka vitoshe, unachemsha, unachuja, maji yake ndiyo unapikia chakula badala ya kidonge. Bila chumvi hata punje. Chumvi utatia mwenyewe kwenye chakula. Wenye mambo yao wanaita stoki. Nikaenda kwenye kikoba nikajitapa kwamba friji yangu imejaa stoki ya mboga. Kesho yake mama mmoja akanipigia kuuliza mchicha nauza bei gani kwa jumla.

Wiki mbili nilikusanya. Vitunguu vyangu ni vya Singida, vyekundu, maganda yake mazuri mpaka unaona huruma kuyatupa. Karoti na hoho nanunua sokoni Majengo, hapa hapa Dodoma. Maganda ya bitiruti yakaingia, maana mume wangu siku hizi anakunywa juisi ya bitiruti asubuhi. Na kigutu kimoja cha kabichi, kinene kama mguu wa meza, nilichokitia kwa roho ya kutopoteza kitu. Kumbukeni hicho kigutu.

Sasa maelekezo yanasema: moto mdogo, maji yatetemeke tu, dakika 45 hadi saa moja, epua. Nikasoma nikacheka. Mimi nimelelewa kwa supu ya kongoro. Kongoro usipolichemsha nusu siku linakudharau. Nikajisemea hawa watu wana haraka gani? Nikachemsha masaa matatu.

Hapo nilijifunza mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, mboga si kongoro: ikizidi muda haiongezi ladha, inaanza kutoa uchungu, hasa ukiwa umerundika maganda ya vitunguu kama nilivyorundika mimi. La pili, kabichi ikichemka sana inatoa harufu. Sisemi harufu ya chakula. Jirani yangu wa ukuta wa pili aliniita kupitia dirishani, kwa upole kabisa, "Mama, nadhani chemba yenu imejaa."

Basi nikachuja kwa chujio la chai, maana ndilo nililonalo, tone kwa tone, mpaka mkono ukafa ganzi. Nikapata kama lita 3 za kitu chekundu. Ni bitiruti ile. Nikaonja. Utamu ulitangulia mbele kama mgeni rasmi, nyuma yake uchungu wa maganda, na mwisho kabisa, wakati umeshameza na huna la kufanya, kabichi. Nikasema siyo mbaya. Nilikuwa nimetumia wiki mbili na gesi ya masaa matatu. Mlitaka niseme nini?

Ikabaki kuigandisha. Kwenye jokofu la kawaida inakaa siku chache tu, lakini ikiganda inakaa miezi. Watu wenye trei za barafu wanatia kwenye trei. Mimi nina vifuko. Mnaonifahamu mnajua pale getini kuna kibao, BARAFU 100. Ni za ubuyu. Tunauza tupate hela ya LUKU, maana friza lenyewe ndilo linalokula umeme. Kwa hiyo nikachukua vifuko vile vile vyembamba, nikajaza supu, nikapata 28. Zilipoganda, Mungu ananiona, wekundu ulikuwa ule ule wa ubuyu.

Lakini mimi si mjinga. Niliweka alama. Barafu za ubuyu huwa tunafunga fundo moja. Hizi nikafunga mafundo mawili.

Na sikumwambia mtu yeyote.

(Najua. Mume wangu ameshasema. Mama yangu ameshasema. Ninyi nanyi mtasema huko chini, lakini acheni kwanza nimalize.)

Jumamosi nikaenda Majengo, nikamwacha shemeji nyumbani. Shemeji huyu ni mdogo wa mume wangu, anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, yuko likizo, na ndiye waziri wa barafu. Akili anayo, ila ukimpa simu mkononi macho yanahama. Watoto wa mtaani huku Nkuhungu walikuwa na mechi na watoto wa Chang'ombe. Wakashinda. Kocha wao, kijana mmoja mstaarabu anayewafundisha bure jioni, akaingiwa na furaha, akatoa noti ya 2,000 akaja getini kwangu: barafu 20, watoto wapoe. Shemeji akafungua friza akachota za juu. Za juu zilikuwa zangu.

Bajaji ilinishusha saa kumi na nusu. Hapa naomba twende pole pole, kwa sababu mimi mwenyewe tangu Jumamosi nalala naliona tukio hili pole pole.

Nimeshuka, kapu mkono wa kulia, mkono wa kushoto natafuta chenji ya dereva. Chini ya mwarobaini, mbele ya geti, kuna kama watoto kumi na tano wamekaa chini, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kila mmoja ana barafu. Wakubwa wa timu wana mbili mbili. Nikafurahi! Nakiri, wazo langu la kwanza lilikuwa: leo umeme tumepata.

Wote walikuwa kwenye ile hatua ya kusugua. Mnaijua: barafu ngumu huing'ati hivi hivi, unaiviringisha kwanza kati ya viganja mpaka ipasuke ndani. Chwa, chwa, chwa, viganja thelathini. Nami nikatazama tu, kama mtu anavyotazama watoto wakifurahi, mpaka jicho likatua kwenye barafu ya golikipa, aliyekaa karibu yangu.

Mafundo mawili.

Nikatazama ya jirani yake. Mawili. Ya kocha. Mawili. Nikaanza kuhesabu, kana kwamba hesabu ingesaidia. Dereva wa bajaji ananiambia, "Mama, hela yangu," namsikia kama yuko Kibaigwa.

Golikipa akapeleka kona ya kifuko mdomoni. Akaing'ata. Akaitema ile nailoni pembeni. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema kitu. Nilikuwa nayo sauti. Tatizo ni kwamba sikuwa na sentensi. Jaribuni ninyi: unamwambiaje mtoto aliyetoka kufungwa mabao mawili na bado akashinda kwamba alichoshika si barafu, ni maandalizi ya maharage?

Akanyonya.

Kwanza uso ulifunguka, ule utamu wa bitiruti umefika. Akafumba macho. Kisha macho yakafumbuka taratibu, moja likitangulia. Mashavu yakasimama. Akaangalia kifuko. Akaangalia juu, kwenye mwarobaini, kama vile mti ndio umemdondoshea kitu. Na hakutema! Barafu ya kununuliwa haitemwi, tumelelewa hivyo. Akameza, nikaliona likishuka kooni, kisha akanyonya tena, ahakikishe.

Wenzake nao walikuwa wameshafika. Kimya kikaingia pale chini ya mti, kimya cha watoto kumi na tano ambao kila mmoja anadhani ni mdomo wake tu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulalamika, maana ni zawadi ya kocha. Wakamgeukia kocha.

Kocha alikuwa nayo mdomoni. Naye kaniona mimi mwenye nyumba nimesimama pale, na ni mtu wa heshima. Akameza. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeonja mvinyo wa zabibu zetu hizi za Dodoma. Akasema, "Shikamoo mama. Ubuyu wa leo... mmetia iliki?"

Ile iliki ndiyo iliyonimaliza. Nikaachia kapu, nyanya zikabiringika mpaka chini ya bajaji, na sauti iliyokuwa imekwama ikatoka yote kwa mara moja, ikafika saluni, ikafika kwa jirani wa chemba:

"MSINYWE! HAYO NI MAJI YA MAGANDA!"

Ningeishia hapo. Lakini golikipa, kwa adabu kabisa, akauliza, "Maganda ya nini, mama?"

Nami nikamjibu. Sijui kwa nini, nikamjibu kikamilifu. "Ya vitunguu, na karoti, na bitiruti, na vishina vya giligilani, na kabichi kidogo. Yamekaa wiki mbili kwenye friza." Nilidhani kutaja friza kutawatuliza. Kwenye neno "wiki mbili" winga wa kushoto akageukia ukuta wangu na kutapika.

Na hapo ndipo rafiki yangu alipotoka saluni na simu yake, akiwa amemwacha mteja na nywele zimesukwa nusu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nilirudisha 2,000. Nikanunua soda kreti nzima dukani, ambayo ni hasara ya LUKU ya mwezi. Dereva wa bajaji alilipwa, akaokota nyanya, akaondoka anacheka peke yake. Mama wa winga alikuja na ile kanga, nikamweleza kuwa ni mboga safi zilizooshwa na kuchemshwa kuliko chai yake, hakuamini, ikabidi nifungue kifuko kimoja ninyonye mbele yake mpaka mwisho huku natabasamu. Hiyo ndiyo adhabu, msitafute nyingine. Shemeji alijitetea kwamba hakuna aliyemfundisha kuhesabu mafundo, na hapo nilikosa jibu. Sasa nikipita, watoto wananisalimia vizuri, "Shikamoo Mama Maganda." Naitika marahaba. Nifanyeje?

Vifuko 7 vilivyobaki nilipikia wali. Mume wangu alirudia sahani akauliza nyama iko wapi. Sikumjibu, alikuwa bado hajausikia ule ujumbe.

Basi kwa wanaoniuliza kwenye simu kama nimeacha: sijaacha. Juzi nimechemsha nyingine. Dakika 50, moto mdogo, maganda ya vitunguu ngumi moja tu ya kupata rangi, kabichi hapana, bitiruti hapana. Imetoka ya dhahabu, nyepesi, inanukia karoti. Yaani kama ningekuwa na hii Jumamosi, pengine wale watoto wangeomba ya pili.

Na sikutia kwenye vifuko, nimeshakoma. Nimetia kwenye kopo safi lenye mfuniko wake, lile la aiskrimu ya vanila la lita 2, nikalipanga friza chini kabisa. Shemeji kaliona leo asubuhi. Hakuniuliza kitu. Ameenda jikoni, namsikia anatafuta kijiko.