Bingwa Hapatikani kwenye Kona Moja

Nikimuuliza mtu wa hapa kwetu Uganda ni nani aliyekuwa bingwa wa taifa wa mbio za magari mwaka fulani, mara nyingi hunitajia aliyeshinda mbio za Pearl of Africa mwaka huo, na nikimweleza kwamba hayo ni mambo mawili tofauti hunitazama kama mtu anayetafuta ubishi. Pearl of Africa ni kubwa kweli, kwa sababu huhesabiwa katika ubingwa wa Afrika na pia katika ubingwa wetu, lakini kwa upande wa taifa ni duru moja tu miongoni mwa duru kadhaa. Maoni yangu ni kwamba tumeupenda mchezo huu kwa siku mojamoja na kuutupa msimu, ilhali bingwa hupatikana kwa msimu.

Nimekulia katika kambi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Kakira, karibu na Jinja, ambako Mwacholi, Mlugbara na Msoga wakikutana huzungumza Kiswahili, na ambako siku ya mbio hakuna anayebaki nyumbani isipokuwa mgonjwa. Katika miwa, gari husikika kabla halijaonekana: kwanza mlio wa turbo, kisha vumbi jekundu juu ya majani, ndipo Subaru inapochomoza kwenye kona ikija kiubavu, na watoto wanapiga mayowe. Nami nilipiga mayowe hayo kwa miaka mingi, nikarudi nyumbani nimejaa vumbi masikioni, bila kujua hata mara moja ni nani aliyekuwa akiongoza kwa pointi.

Mara ya mwisho mbio zilipokuja niliiacha kona, nikaenda kusimama mahali mafundi wanapohudumia magari. Vijana wanne walikuwa wamelala chini ya Mitsubishi Lancer wakibadilisha giaboksi juu ya turubai lililotapakaa oili, na mmoja wao alikuwa akishika bolti kwa meno kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Dereva alikuwa ameketi juu ya tairi akila chapati iliyoviringishwa na mayai, ile tunayoiita rolex, kimya kabisa kama mtu asiyehusika. Aliyesumbuka zaidi ni mwelekezi wake, ambaye huku wengi humwita navigeta: alisimama na kadi ya muda mkononi, akihesabu kwa Kiganda dakika zilizobaki. Alikuwa na sababu, kwa kuwa kanuni za mchezo huu humwongezea sekunde 10 anayefika kwenye meza ya saa, yaani pale muda wa kila gari unapoandikwa, akiwa amechelewa, kwa kila dakika aliyochelewa, na anayewahi huongezewa dakika nzima kwa kila dakika aliyowahi. Gari lile liliondoka huku fundi mmoja akikimbia kando yake kufunga boneti, likafika mezani ndani ya muda wake. Halikushinda siku hiyo. Lilimaliza, likachukua pointi, wakati aliyetusisimua kuliko wote asubuhi alikuwa bado mtaroni akisubiri trekta la kumvuta.

Ubingwa hujengwa kwa kazi ya namna hiyo, mara kwa mara, katika ardhi zisizofanana. Vilima vya malisho vya Mbarara si sawa na vichochoro vya miwa vya Kakira. Manyunyu ya kwanza juu ya barabara ya udongo mwekundu huifanya iteleze kama sabuni, na jua likiwaka anayeanza nyuma hula vumbi la wote waliomtangulia. Aliyeshinda pahali pamoja amethibitisha kwamba analijua pahali hapo, na sina la kumnyima, lakini mwaka 2011 Susan Muwonge alipokuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa, alitwaa hesabu ya msimu mzima. Vilevile Charles Muhangi mwaka 1999: ubingwa wa Afrika aliouleta Uganda haukutokana na wikendi moja. Hata Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeshinda Safari Rally mara 5 akiwa Kenya, ushindi wake wa kwanza wa mwaka 1973 ulipatikana baada ya yeye na dereva wa Sweden, Harry Källström, kumaliza wakiwa na adhabu sawa za muda. Dakika moja tu iliyopotezwa njiani ingembadilishia historia.

Wapo madereva wanaochagua duru mbili au tatu kwa mwaka na kuziacha nyingine. Siwalaumu, kwani tairi na spea hununuliwa kwa fedha nyingi na wafadhili hupenda pahali penye umati. Lawama yangu ni kwa wanaoutangaza mchezo. Katika duru moja niliyohudhuria, mtangazaji alitusomea majina ya wafadhili tangu asubuhi hadi jioni, na nilipomwendea kumuuliza nani anaongoza msimu, alicheka, akasema hayo yatajulikana mwishoni mwa mwaka. Kama shabiki haambiwi hesabu, atashangilia nini isipokuwa gari linalopinduka? Ndiyo maana pia vijana wetu husongamana upande wa nje wa kona, mahali pabaya kuliko pote, wakisubiri ajali kana kwamba ndiyo matokeo.

Ubao mmoja wenye jedwali la pointi, ukiwekwa kila mahali watazamaji wanaporuhusiwa kusimama, ungegharimu mbao, rangi na mtu mwenye mwandiko mzuri. Madaraja ya magari madogo yanayovutwa na magurudumu mawili nayo yaandikwe hapo, kwa kuwa huko ndiko wanaoanza hujifunza kumaliza, na pointi zao hakuna anayezijua nje ya familia zao.

Mimi nimeanza na daftari la shule la kurasa 48. Mtoto wa jirani ndiye anayelichorea mistari, na juzi alinirudisha nyuma kurasa mbili kunionyesha kwamba nilikuwa nimemwibia dereva wake pointi tatu.