Beleshi au mtambo: nani alishe tanuri la boila?

Kiwanda chochote kinachochoma makaa ya mawe ili kupata mvuke hufika siku ya kubishania jambo hili: tuendelee kulisha tanuri kwa beleshi, au tufunge mtambo unaolilisha wenyewe? Wanaoutaka mtambo huja na hesabu ya makaa yatakayookolewa na mishahara itakayopungua. Wanaoukataa husema mitambo hiyo haiishi kuharibika, inataka makaa ya kuchaguliwa, na kwamba mchochea moto mzoefu hashindwi na mota. Kila upande una ukweli wake, ila naona wote wanaanzia pabaya. Wanamshindanisha mtu na mashine, wakati anayeamua mshindi ni makaa yenyewe.

Hesabu kwanza, maana hapo ubishi ni mdogo. Boila ya tani 10 za mvuke kwa saa, ikichoma makaa ya nguvu ya wastani, hula kati ya tani moja na robo na tani moja na nusu kila saa. Beleshi likijaa hubeba kilo 8 hivi. Hayo ni mabeleshi 160 hadi karibu 190 kwa saa, yaani moja kila baada ya sekunde 20 hivi, zamu nzima, na hapo hujatoa majivu wala kuvunja mabonge. Watu wawili watatu wakipokezana wataweza, kwa taabu. Boila ya tani 2 mtu mmoja anaimudu na bado akapata nafasi ya kuangalia kioo kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila. Boila ya tani 40 kwa beleshi ni kuwatesa watu bure.

Na watu waliteswa kweli. Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa na boila 29 zenye matanuri 159, na yote yalilishwa kwa mkono. Chini kule kulikuwa na kifaa cha kuwapa ishara wachochea moto kwamba sasa lishwe tanuri namba fulani, ili milango isifunguliwe ovyo kwa pamoja. Kifaa hicho hakikutia hata gramu moja ya makaa. Kazi yake ilikuwa kupanga milango tu, na kwangu mimi hapo ndipo penye hoja nzito kuliko zote za upande wa mtambo.

Mlango wa tanuri ukifunguliwa, hewa baridi huingia juu ya moto kwa kishindo na joto la tanuri linaporomoka. Wakati huohuo makaa mabichi yanamwagwa juu ya kaa jekundu na kuanza kutoa gesi. Gesi hiyo inahitaji joto kali na hewa iliyochanganyika nayo vizuri sasa hivi, dakika hiyohiyo, na ndiyo dakika ambayo tanuri limepoa. Matokeo yake yanaonekana na kila mtu aliye nje: moshi mweusi unatoka dohani, nao ni makaa uliyoyalipia. Dakika chache baadaye gesi imekwisha, moto umekuwa mweupe na mwembamba, na sasa hewa ni nyingi kupita kiasi. Inapashwa joto na kutoka nayo. Tanuri la mkono huyumba hivyo mchana kutwa, kutoka upungufu wa hewa hadi ziada yake.

Mtambo hufunga mlango ule. Makaa huingia kidogo kidogo bila kukoma, gesi hutoka kwa mwendo uleule, na hewa inaweza kupimwa iendane nayo. Penye beleshi, hewa inayopita hufika mara moja na nusu ya inayohitajika, pengine hata mara mbili. Wavu wa mnyororo, yaani mnyororo mpana wa chuma unaobeba makaa polepole kupita tanurini, ukirekebishwa vizuri unaweza kwenda na ziada ya asilimia 30 au 40. Ukitaka kujua thamani ya tofauti hiyo, mafundi wana kipimo chao cha haraka: kila asilimia 15 hivi ya hewa ya ziada unayopunguza, au kila nyuzi 20 hivi za Selsiasi unazopunguza kwenye joto la moshi, ufanisi wa boila unapanda kama asilimia moja.

Hata hivyo, hesabu za wauzaji zisimezwe nzima. Nyingi hulinganisha mtambo uliotoka kupimwa asubuhi hiyo na mtu aliyechoka. Mchochea moto anayejua kazi hatupi mabeleshi kumi na kufunga mlango aende akakae. Hutia kidogo, mara nyingi, upande mmoja wa moto kwanza huku upande wa pili ukiwaka ili joto lake liunguze gesi ya upande mpya, kisha huacha kitundu cha mlango wazi kidogo kwa dakika moja ili hewa ipite juu. Mtu wa namna hiyo hupunguza sana tofauti iliyoandikwa kwenye karatasi ya bei. Shida ni kumpata, kumlipa, na kuwa naye saa nane za usiku.

Mabishano haya ni ya kale. James Watt alichukua hataza ya tanuri la kupunguza moshi mwaka 1785, na John Juckes akaja na wavu wake wa mnyororo mwaka 1841, kwa hiyo anayekuuzia mtambo huo leo akiuita teknolojia mpya anakutania. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha St. Louis, Marekani. Novemba 1939 moshi wa makaa uliufunika mji ule mpaka taa za barabarani zikawashwa mchana. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya mji iliyowapa watu njia mbili: choma makaa yenye moshi mdogo, au funga mtambo wa kulisha tanuri. Walioitunga walielewa kwamba makaa na mashine ni jambo moja lenye ncha mbili. Ukibadilisha moja, la pili halibaki lilivyokuwa.

Reli nazo zina ushahidi, tena wa kupingana. Mtu mmoja juu ya injini ya treni anaweza kutupa kama tani mbili za makaa kwa saa, na hapo nguvu zake zimefika kikomo. Injini kubwa za Marekani zilihitaji zaidi ya hapo, na kuanzia mwaka 1938 serikali ikataka injini kubwa mpya za makaa ziwe na mitambo ya kulisha. Uingereza ilijaribu kwa kuchelewa: mwaka 1958 injini tatu za aina ya 9F zilifungiwa mitambo hiyo, na mwaka 1962 ikang'olewa. Mitambo yenyewe ilifanya kazi. Lakini skrubu iliyovuta makaa kutoka kwenye behewa la nyuma ililazimika kuyapondaponda, na vipande vidogo vikirushwa ndani ya tanuri lenye mvuto mkali wa hewa hubebwa na upepo na kutoka dohani kabla ya kuungua. Injini zile hazikuwa kubwa kiasi cha kumshinda mtu mwenye beleshi, kwa hiyo mtambo ulileta hasara yake bila kuleta faida yake. Mashine ileile, nchi mbili, hukumu mbili.

Sasa tuingie kwenye makaa. Chukua wavu wa mnyororo, mtambo wa kawaida kabisa viwandani. Makaa hushuka kutoka kwenye hopa, yaani sanduku la kumwagia makaa, hupita chini ya lango linaloamua unene wa tabaka, sentimita 10 hadi 15 hivi, na mnyororo huyasogeza polepole chini ya tao la matofali ya moto. Joto la tao huyawasha kutoka juu kwenda chini. Yakifika mwisho yanatakiwa yawe majivu matupu yanayodondoka shimoni. Ni mpango mzuri sana, ila unadhani kwamba makaa yote yanafanana.

Hayafanani. Makaa yakimwagwa hopani kutoka sehemu moja hujenga kilima: mabonge huporomoka kwenda kando, unga hubaki katikati. Ukichungulia kwenye tundu la nyuma utauona mgawanyo huo umelala juu ya wavu. Pembeni mabonge yamepitisha hewa nyingi, yameungua mapema, na wavu umebaki mtupu ukivuta hewa ya bure. Katikati unga umejibana, hewa haipiti, na ulimi mweusi wa makaa yasiyoungua unafika mpaka ukingoni na kudondoka na majivu. Mota inazunguka sawasawa, kioo cha paneli kinaonyesha kila kitu kiko salama, na makaa yanazikwa. Dawa yake si kompyuta. Ni mdomo wa kumwagia unaosafiri kushoto na kulia juu ya hopa, na maji kidogo kwenye unga ili ushikamane. Nimewahi kusikia mabishano marefu kuhusu sensa za oksijeni mahali ambapo tatizo lilikuwa bomba la kumwagia makaa lisilosogea.

Kuna na mengine. Makaa yanayovimba na kugandana yakipata joto hufanya kama blanketi juu ya wavu. Makaa ambayo majivu yake huyeyuka mapema huacha mabonge magumu kama kioo, yanayoziba hewa. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba makaa safi mno nayo ni balaa: majivu yakipungua chini ya asilimia 6 au 7 hivi, hakuna tabaka la kuukinga mnyororo na moto, na vyuma vinaungua. Beleshi halina mashaka hayo. Mtu huona bonge, hulivunja. Huona tundu kwenye moto, hulijaza. Macho yale ndiyo kitu pekee ambacho mtambo haukuja nacho.

Mitambo ya skrubu inayosukuma makaa kutoka chini ya moto ina kisa chake. Kipande cha chuma au jiwe kikiingia, pini dogo lililowekwa makusudi hukatika ili giaboksi ipone. Pini likikatika mara tatu kwa zamu moja, wapo mafundi wanaoweka bolti ngumu ili kazi iendelee. Kazi huendelea kweli, mpaka giaboksi inapopasuka. Sumaku juu ya mkanda na chekeche kabla ya hopa ni bei rahisi kuliko giaboksi, lakini kwa nadra utaziona kwenye bajeti ya kwanza.

Kuhusu ajira sitazunguka: watu hupungua, na hakuna sababu ya kuficha. Ila kazi inayopotea ni ya joto la kuumiza, vumbi na migongo iliyoharibika, na sioni wengi wanaoombea watoto wao kazi hiyo. Ninachoogopa zaidi ni kiwanda kuona kwamba, kwa kuwa makaa yanajilisha, hakuna haja ya mtu kuangalia moto. Umeme ukikatika, feni na mnyororo husimama, lakini tani kadhaa za makaa mekundu zinabaki juu ya wavu zikiendelea kutoa joto, huku pampu ya maji nayo imezimika. Moto uliosimama pia hutambaa kurudi nyuma kuelekea hopani. Ndiyo maana panatakiwa pampu ya pili isiyotegemea umeme uleule, na mpini wa kuzungushia mnyororo kwa mkono. Na panatakiwa mtu anayejua mpini huo ulipo.

Wapo watakaosema basi tusage makaa yawe unga na kuyapuliza, wavu uondoke kabisa. Njia hiyo ilithibitishwa kwenye kituo cha umeme cha Oneida Street, Milwaukee, mwaka 1918, na vituo vikubwa vimeifuata. Kwa boila ya kiwanda cha kawaida haifai: vinu vya kusaga hula umeme, na vumbi la makaa hulipuka.

Kuna hoja nyingine isiyopuuzwa: mtambo hufanya makaa yaungue vizuri, haufanyi kaboni ipotee. Kila kilo ya kaboni iliyoungua yote hutoa kilo 3.67 za kaboni dioksaidi, iwe imeingia kwa beleshi au kwa skrubu. Anayetazamia kuachana na makaa miaka michache ijayo afikirie mara mbili kabla ya kununua wavu unaolenga makaa peke yake. Mtambo wa kurusha makaa juu ya wavu una nafuu hapo, kwa sababu miundo yake huweza pia kuchoma maganda ya miti na masalia ya miwa.

Kwa maoni yangu, chini ya tani 2 au 3 za mvuke kwa saa, mtu aliyefunzwa vizuri bado ni uamuzi wa busara, hasa kama makaa hubadilika kila mzigo. Kuanzia tani 6 kwenda juu, ubishi umekwisha: funga mtambo. Katikati ya hapo, usianze na orodha ya bei za mitambo. Anza na mkataba wa makaa, na uandikwe ukubwa wa vipande, kiasi cha unga, majivu na joto la kuyeyuka kwa majivu. Kisha mwulize muuzaji ufanisi alioahidi ulipimwa kwa makaa gani. Akishindwa kukuonyesha karatasi yenye namba hizo, mpelekee tani kadhaa za makaa yako ayajaribu mbele yako kabla hujalipa malipo ya awali.